Sato wa baba, dagaa wa mama: Kanda ya dhahabu twende wapi kula samaki na watoto?

Jumapili ikifika swali huwa ni lile lile: leo tunatoka kwenda wapi? Aliyeko Dar hana shida, atabeba familia yake hadi ufukweni, ataagiza changu na pweza, maisha yanaendelea. Wa Mwanza naye ziwa liko mlangoni. Lakini wewe wa Shinyanga, Kahama na Geita, wewe uliyezungukwa na almasi upande huu na dhahabu upande ule, mama watoto akikwambia "leo tunataka samaki na tunataka kukaa chini tule kama watu", unampeleka wapi?

Hilo ndilo lililonifanya nizunguke kanda nzima kwa siku nne, nikila samaki hadi nguo zangu zikaanza kunuka mwalo. Nimerudi na majibu. Mengine matamu, mengine yana miiba.

SAMAKI YUPO, KITI HAKUNA

Huku kwetu samaki hakosekani. Ziwa Victoria liko jirani, sato, sangara na dagaa wanaingia mjini kila siku inayokwenda kwa Mungu. Kinachokosekana ni kiti.

Miji ya madini ilianza na vijana waliokuja na begi moja mgongoni, bila mke wala mtoto. Kijana wa namna hiyo akitoka duarani jioni anataka bia ya baridi, muziki mkubwa na sato aliyekaangwa akakauka vizuri. Ndiyo maana mpaka leo, ukiuliza mtaani "sato mzuri anapatikana wapi", watu kumi watakutajia baa kumi. Baba anakula pale na washikaji zake, anapangusa mdomo, anarudi nyumbani kukuta mama na watoto wamekwisha kula dagaa zamani na wamelala.

Dagaa si chakula kibaya, tena wana faida sana kwa mtoto kwa sababu analiwa mzima mzima na mifupa yake. Mimi ninachouliza ni mgawo. Kwa nini kila wiki sato awe wa baba na dagaa wawe wa mama?

Aliyenitia hamu ya kuandika haya ni dada yangu, ameolewa Kahama na shemeji anayefanya kazi za karasha, yaani ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Siku moja aliniambia, "Mdogo wangu, mimi sato namjua kwa harufu ya shati la shemeji yako tu." Shemeji alicheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa kifupi. Basi tukapanga safari: mimi, dada, shemeji na watoto wao watatu, wa mwisho ana miaka minne.

SHINYANGA: SAMAKI ANAKUJA KWA GARI

Tukaanzia hapa hapa kwangu, maana walikuwa wamekuja kunisalimia. Shinyanga mjini hatuna ziwa. Tulichonacho ni reli, pamba, ng'ombe na Mwadui yenye almasi zake zilizoanza kuchimbwa mwaka 1940. Maji ya Ziwa Victoria yenyewe yalitufikia kwa bomba mwaka 2009, pamoja na wenzetu wa Kahama. Samaki aliwahi zamani, lakini anakuja kwa gari kutoka Mwanza, amelazwa kwenye barafu.

Kwa hiyo kwa mtu wa Shinyanga jambo la kwanza ni kujua samaki ameingia lini. Mchana nenda kwa mama lishe wa karibu na soko kuu. Pale kuna mabenchi, kuna jagi la maji ya kunawa, na wali wa mchele wa huku huku, ambao wa mbali wanausafirisha na sisi tunaula bila hata kujisifu. Ukimwamkia mama wa watu kwa "mwadila mayu" anafurahi, na usishangae kipande chako kikikua kidogo. Ubaya ni kwamba mabenchi yanajaa, na wateja wengi wana haraka. Ukiwa na watoto watatu unajisikia kama umezuia foleni ya benki.

Jioni hali ni nzuri zaidi pembeni ya mji. Kuanzia Ngokolo hadi Ibinzamata siku hizi kuna vigadeni vya viti vya plastiki chini ya miarobaini, bembea ya mtoto pembeni, televisheni ya mpira upande wa pili. Tuliyoingia sisi walituonyesha samaki wakiwa wabichi tuchague. Hiyo ndiyo alama ya kwanza ya mahali pa heshima. Pale ambapo sato wamepangwa kwenye kabati la kioo tangu asubuhi, wamekaangwa na wanakusubiri wewe, muage kwa adabu uende zako.

Shida yake ilikuwa muda. Tulikaa karibu saa nzima ndipo sahani zikafika, na mtoto wa miaka minne ukimwambia "subiri kidogo" anakuelewa mara mbili tu, ya tatu analala juu ya meza. Dawa yake ni rahisi: piga simu mapema, agiza, mkifika mnawa mikono mnakula.

KAHAMA: "MZEE, MEZA YAKO ILE"

Kahama ni mji wa mshiko. Bulyanhulu ilianza uzalishaji mwaka 2001, Buzwagi ikafuata mwaka 2009 na kufungwa mwaka 2021, na huko kote mji haukukoma kukua hadi ukapewa hadhi ya manispaa mwaka huo huo wa 2021. Ghorofa zimeota, hoteli zimeota, na neno "familia" limeandikwa kwenye mabango mengi kuliko unavyoweza kuhesabu.

Tatizo ni kwamba neno likiandikwa halimkalishi mtu. Tuliingia mahali pamoja, jina naliweka mfukoni, bango lake limeandikwa kwa herufi kubwa kwamba wanakaribisha familia. Mhudumu alipomwona shemeji akachangamka: "Mzee karibu, meza yako ile!" Halafu akatuona sisi wengine nyuma. Akatazama watoto, akatazama spika, akasema, "Bosi, hawa watoto wakae kule nyuma, karibu na jiko."

Jamani, nilimtazama dada. Dada hakusema kitu. Alikuwa anaitazama ile meza ya "mzee", iko katikati kabisa, ina feni peke yake. Shemeji alisimama kama dakika nzima, kisha akambeba yule mdogo, akasema, "Twende." Mpaka leo hawajaizungumza ile meza mbele yangu, na mimi siulizi.

Tulipata riziki maeneo ya Majengo, kwa mama mmoja mwenye banda la mabati na sakafu safi kama ya kanisani. Anapika mchemsho wa sato: samaki mzima, viazi, nyanya, karoti, ndimu na pilipili ya kuweka mwenyewe. Hana pombe, hana spika. Meza zake ni nne na zote zilikuwa na watoto. Nikamuuliza kwa nini hauzi bia, maana faida iko huko. Akanijibu, "Mwanangu, mlevi mmoja ananifukuzia mama watano. Na mama akija anakuja na watu wanne." Hesabu hiyo wenye mabango wengi hawajaipiga.

GEITA NA KATORO: NENO MOJA, KAZI MBILI

Kutoka Kahama tukashika njia ya Kakola, ambayo kwa miaka mingi sifa yake ilikuwa vumbi, hadi Geita. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza kutoa dhahabu mwaka 2000, mkoa ukazaliwa mwaka 2012, na Machi 2019 soko la dhahabu likafunguliwa pale mjini. Watu wenye mishahara wakaleta wake, wake wakazaa watoto, watoto wakataka chipsi na samaki. Ndipo migahawa ya familia ilipoanza kuchipua, hasa ukienda upande wa Nyankumbu. Jumapili baada ya ibada unakuta meza ndefu: bibi, baba, mama, watoto na sangara mzito wa rosti katikati. Raha kuona.

Kwa watoto wadogo sangara ndiye mwenyewe. Mnofu wake ni mnene na mifupa yake mikubwa, unaiona kabla haijakuona. Sato ni mtamu zaidi, lakini vile vimiba vya mbavuni vinataka mtu mzima amchambulie mtoto kwanza. Na mwiba ukikwama kooni, tonge la ugali si daktari. Mpeleke hospitali.

Sasa kuna neno moja litakuchanganya ukiwa mgeni Geita. Ukiuliza "mwalo uko wapi", mmoja atakuelekeza ziwani kwenye mitumbwi, mwingine atakuelekeza kwenye vijiti na magunia ambako mchanga wa mawe yaliyosagwa unaoshwa kupata dhahabu. Wote wako sahihi. Mwalo wa samaki na mwalo wa dhahabu ni neno moja, na mahali hapo pawili pana uhusiano ambao mzazi anapaswa kuujua.

Wachimbaji wadogo wengi hukamata dhahabu kwa zebaki. Zebaki ikioshwa huingia kwenye madimbwi na vijito, na humo hugeuka sumu inayoingia ndani ya samaki na kudhuru ubongo, hasa wa mtoto mchanga na aliye tumboni. Dunia ilijifunza hilo kwa machozi kule Minamata, Japani, ambako miaka ya 1950 familia za wavuvi zilianza kuugua kwa kula samaki wa ghuba iliyomwagiwa maji machafu ya kiwanda. Mkataba wa kimataifa wa kuibana zebaki wa mwaka 2013 umepewa jina la mji huo, na Tanzania nayo imeuridhia.

Msiogope mkaacha kula samaki, habari yenyewe ina upande mzuri. Watafiti waliopima samaki eneo la Rwamagasa, huko huko Geita, mwanzoni mwa miaka ya 2000 waliwakuta baadhi ya samaki wa madimbwi na vijito vya karibu na machimbo wakiwa na zebaki nyingi, lakini wale wa ziwani, Ghuba ya Nungwe, walikuwa na kiwango kidogo. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji ni fupi: huyu ametoka ziwani au ametoka dimbwini? Kambare wa bei poa aliyevuliwa nyuma ya karasha, hata kama kijana anakuapia kwa mama yake, muache.

Nilipomweleza shemeji habari hii, yeye mtu wa karasha, alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza, "Na mikono yangu?" Nikamwambia anawe vizuri, na nguo za kazini zisiingie ndani walipo watoto. Dada akadakia, "Hilo la nguo nimelisema miaka sita."

Katoro yenyewe ni mji usiolala. Usiku barabarani mafuta yanalia kwenye makarai kila hatua, sato wanageuzwa, ndimu zinakatwa, kachumbari imejaa beseni. Ladha usipime! Lakini ni msosi wa kusimama, bodaboda zinapita kiunoni kwako, na mtoto hana pa kukaa. Ushauri wangu: fungiwa. Nenda na bakuli lako la mfuniko, maana mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019 na karatasi hulowa mafuta, mkale nyumbani kwenye mkeka. Hiyo nayo ni kutoka, ila mmetoka mkiwa mmekaa.

NKOME: WATOTO WAONE ZIWA

Siku ya mwisho tukapita Nzera hadi Nkome, ziwani kabisa. Wale watoto watatu wamezaliwa Kahama, ziwa wamelisikia kwenye somo la jiografia tu. Yule wa miaka minne alisimama akasema, "Mjomba, nani amemwaga?"

Pale utaratibu ni wa wazi. Unashuka mtumbwi unapoingia, unachagua samaki wako, jicho liwe angavu, matamvua yawe mekundu, nyama ukiibonyeza irudi. Unampelekea mama mwenye jiko la mkaa, anapara magamba mbele yako, anamkata mikato, chumvi, ndimu, anakaanga. Ugali unakuja wa moto. Hakuna menyu, hakuna "subiri bosi". Tulilipa nusu ya tulichokuwa tumelipa mjini, na sato walikuwa wakubwa zaidi. Maana mjini sato wa kumtosha mtu mzima hesabu elfu kumi kwenda juu, kadiri ya ukubwa wake na ya kiti ulichokalia.

Angalizo moja: msiwaache watoto waogelee pembeni kwenye majani. Kichocho kipo Ziwa Victoria na hakiulizi umetoka wapi. Wacheze mchangani, inatosha.

Hapo ufukweni niliwaza kitu. Huyu sato tunayemwita wa kwetu, na huyu sangara, wote si wazaliwa wa ziwa hili. Waliletwa wakati wa mkoloni, miaka ya 1950, na sangara akaongezwa tena mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wenyeji hasa ni akina ngege na furu, ambao sangara aliwala hadi furu wengi wakatoweka. Wahamiaji wamekuwa wenyeji, kama watu wa Katoro vile.

Na mhamiaji sangara alileta hela kweli kweli. Miaka ya 1990 viwanda vya minofu vikaota Mwanza, mnofu ukapanda ndege kwenda Ulaya, sisi tukabaki na kichwa na mgongo, mapanki. Mpaka filamu ikatengenezwa kuhusu jambo hilo mwaka 2004, ya Hubert Sauper, na Rais Kikwete akaijia juu mwaka 2006. Siku hizi hata bondo, ule mfuko wa hewa tumboni mwa sangara, linakusanywa kusafirishwa China na Hong Kong kwa bei inayomshinda samaki mwenyewe. Kwa hiyo mnofu unaondoka, bondo linaondoka, na dhahabu inaondoka. Kinachobaki hapa nyumbani, angalau tukigawane sawa mezani.

Halafu msinunue vitoto. Sheria inataka sato asiwe chini ya sentimeta 25 na sangara asiwe chini ya 50. Mtakumbuka Juni 2018 maofisa wa Wizara ya Mifugo na Uvuvi walivyoingia mgahawa wa Bunge pale Dodoma wakapima kwa rula samaki waliokwisha kupikwa! Watu walicheka nchi nzima, Bunge likachukia. Lakini ukila sato wa kiganja leo, mwanao atakula picha yake kesho.

KABLA HUJATOKA JUMAPILI HII

Tulirudi kupitia Sengerema na lile daraja la Kigongo–Busisi, la kilomita tatu, lililofunguliwa Juni 2025. Zamani ungesubiri kivuko hadi barafu ya samaki iyeyuke. Sasa ni dakika chache tu uko ng'ambo. Njiani dada akanitajia orodha, nami nawapa kama alivyosema.

Kwanza, uliza kama kuna kiti cha mtoto kabla ya kuuliza bei. Pili, onyeshwa samaki akiwa mbichi, mkubaliane bei papo hapo, usisubiri bili ikushangaze. Tatu, uliza ametoka maji gani. Nne, piga simu uagize mapema. Tano, kama spika inawazuia kusikilizana, ondokeni. Mmetoka ili mzungumze.

Na wenye mahoteli mnaonisoma, meza nne za watoto hazitawafilisi. Yule mama wa Majengo anawafundisha bure.

Kwenu akina baba, nimeagizwa na shemeji mwenyewe, na ameniruhusu niandike. Ameacha kwenda peke yake Ijumaa. Siyo kila wiki, anasema, mfuko hauruhusu, lakini mara moja kwa mwezi wanatoka wote watano. Yule mdogo sasa akiona sato anasema, "Huyu anakaa kwenye maji ya mjomba." Dada naye amefua lile shati.

Haya, wiki ijayo panapo majaliwa tutaangalia chipsi za stendi, zipi za kula na zipi za kukimbia. Mpaka hapo, kaeni chini mle.